Volti ngapi ni salama? Wanaojua hawasemi

Kuna swali ambalo wapenzi wa kompyuta za mezani wamekuwa wakiulizana kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, na mpaka leo hawajakubaliana. Swali lenyewe ni hili: nikitaka prosesa yangu ikimbie kuliko ilivyopangwa kiwandani, naweza kuipa volti ngapi bila kuiua?

Ukiuliza utapewa namba. Mmoja atakwambia 1.3, mwingine 1.4, wa tatu ataapa kuwa yeye anatumia 1.45 mwaka wa pili huu na hajaona kitu. Wote wanaongea kwa uhakika wa mganga wa kienyeji. Mimi nasema namba hizo ni za kubahatisha. Wanaolijua jibu la kweli ni wale walioitengeneza prosesa, na hao wamekaa kimya. Kimya chao kimekwisha kuwagharimu watu fedha, wakiwemo watu ambao hawajawahi kugusa mpangilio wowote katika maisha yao.

Naomba nianze polepole kwa ajili ya wale ambao kompyuta kwao ni chombo cha kuandikia ripoti na kuangalia filamu. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Prosesa ya gigahezi 5 inapiga mara bilioni tano kwa sekunde. Ukiingia kwenye bayosi unaweza kuiamuru ipige zaidi ya hapo, na wenyewe wanaita kuovakloki. Ikishapita kiwango fulani inaanza kukosea, kompyuta inaganda au inajizima, kwa sababu transista ndani yake hazipati muda wa kutosha wa kufungua na kufunga. Dawa yake ni kuongeza volteji. Ukiongeza volteji transista zinabadilika haraka zaidi, kosa linatoweka, na kijana anafurahi. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Kabla sijaendelea niondoe utata mmoja unaosikika sana hapa kwetu. Volteji ninayoizungumzia haina uhusiano na umeme wa ukutani unaopanda na kushuka. Stebilaiza yako ni jambo jema, lakini haina habari na prosesa. Umeme wa volti 230 unaingia kwenye pawa saplai, unatoka ukiwa volti 12, kisha mazabodi inaushusha mpaka kwenye volti moja na kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo tunayogombania. Tofauti kati ya maisha marefu na kifo cha mapema inaweza kuwa sehemu moja ya kumi ya volti.

Kwa nini kitu kidogo hivyo kina madhara makubwa hivyo? Hebu tupige hesabu. Birika la umeme la wati 2,000 kwenye umeme wa nyumbani linavuta ampia zisizofika 9. Prosesa kubwa inayotumia wati 200 kwa volti 1.25 inapitisha ampia 160. Ndiyo, mia moja sitini, ndani ya kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha, kupitia nyaya ambazo huwezi kuziona hata kwa darubini ya shule. Halafu umeme unaotumika unapanda kwa mraba wa volteji. Ukitoka 1.20 kwenda 1.40 bila kubadilisha kasi hata kidogo, matumizi yanaongezeka kwa takriban asilimia 36. Tuseme na kasi nayo umeipandisha kutoka gigahezi 5.0 hadi 5.3. Umepata asilimia 6 ya kasi, na umelipa asilimia 44 ya umeme na joto. Dukani usingekubali bei hiyo.

Na joto si ndilo baya kuliko yote. Mkondo mkali unaopita kwenye waya mwembamba unazisukuma atomi za waya wenyewe, kidogo kidogo, kama mto unavyokula kingo zake. Baada ya muda kunatokea pengo sehemu moja na kichuguu sehemu nyingine. Mwaka 1969 mhandisi James Black wa Motorola alichapisha kanuni inayoonyesha jinsi uhai wa waya unavyopungua kadiri mkondo na joto vinavyoongezeka, na joto katika kanuni hiyo lina makali mno, kiasi kwamba nyuzi chache tu zinang'ata. Pamoja na hilo, utando mwembamba unaohami mlango wa transista unachoshwa na volteji, na transista iliyochoka inahitaji volteji kubwa zaidi ili ifanye kazi ileile. Umeona mtego? Prosesa iliyochakazwa na volti inaanza kukosea, mwenyewe anaiongezea volti ili itulie, inatulia miezi michache, inaanza tena.

Kwa hiyo prosesa haifi kama balbu. Inazeeka. Ndiyo maana yule jamaa wa 1.45 anaweza kuwa anasema kweli kabisa kwamba mpaka leo hajaona kitu.

Historia inatufundisha jinsi ushauri mzuri unavyogeuka sumu. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Watu wakagundua kwamba ukibadilisha kasi ya njia ya data kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa inaruka mpaka megahezi 450, wengi bila hata kugusa volteji yake ya 2.0. Nyongeza ya nusu nzima, bure! Kizazi kizima kilijifunza kwamba kiwanda kinaficha kasi na kwamba mjanja anaichukua. Kwa wakati ule ilikuwa kweli.

Kisha Januari 2002 zikaja Pentium 4 za aina ya Northwood. Nyaya zilikuwa nyembamba zaidi na volteji ya kiwandani ilikuwa 1.5. Wajanja walewale, kwa mazoea yaleyale, wakazisukuma kufika 1.7 na kupita. Zilikimbia vizuri sana. Baada ya wiki au miezi kadhaa zikaanza kushindwa kasi zilizokuwa zikiiweza, kisha zikafa moja kwa moja. Vifo vilikuwa vingi kiasi kwamba vikapewa jina lao, kwa Kiswahili tungesema ugonjwa wa kifo cha ghafla cha Northwood. Jina lenyewe lilikuwa na kasoro, maana kifo hakikuwa cha ghafla. Atomi zilikuwa zinahama siku zote hizo, ila hakuna aliyeziona. Namba iliyokuwa salama kwa kizazi kimoja iliua kizazi kilichofuata, na hakuna mtengenezaji aliyesimama mapema kuwaambia watu mpaka uko wapi.

Kuna jambo jingine ambalo wagawa namba hawalisemi, pengine kwa kuwa linaharibu utamu wa kutoa namba. Volteji ileile inaweza kuwa salama na hatari kwenye prosesa ileile, siku ileile. Mwaka 2019 AMD walipotoa Ryzen za mfululizo wa 3000, watu walishtuka kuona 1.4 mpaka 1.5 kwenye skrini zao hata kompyuta ikiwa imetulia. Maelezo ya AMD yalikuwa kwamba wakati huo ni kiini kimoja au viwili vinavyoamka kwa muda mfupi sana, mkondo ni mdogo na joto ni dogo, hivyo hakuna tatizo. Maelezo hayo yana mantiki. Lakini sasa mchukue mtu aliyeiona hiyo 1.45 akaamini kuwa kiwanda kimeiidhinisha, akaingia kwenye bayosi akaifunga hapohapo kwa viini vyote, kisha akaiacha kompyuta usiku kucha ikitengeneza video. Namba ni moja, mkondo ni mwingine kabisa. Bado hatujagusa suala la mahali volteji inapopimwa, maana mazabodi mbili zinaweza kukuonyesha namba tofauti kwa umeme uleule, na ziko zinazopitiliza kidogo kila kazi nzito inapokatika. Mtu anayekutajia volti bila kutaja mzigo, joto na muda hajakuambia kitu.

Mpaka hapa unaweza kusema haya ni ya watundu, wajinga ndio waliwao, aliyechokonoa mwenyewe abebe mzigo wake. Ningekubaliana nawe kama tungekuwa bado mwaka 2002. Lakini tazama yaliyotokea miaka hii ya karibuni.

Aprili 2023 zilianza kusambaa picha za Ryzen 7 7800X3D zilizoungua, prosesa mpya kabisa, zimevimba na kuwa na doa jeusi chini pamoja na soketi zake. Wengi wa wenyewe hawakuwa wamechokonoa prosesa. Walichofanya ni kubonyeza chaguo moja la kuifanya memori iende kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi lake. Baadhi ya mazabodi, zikiona chaguo hilo, zilikuwa zinapandisha zenyewe volteji ya sehemu ya prosesa inayosimamia memori kupita kiasi. AMD wakatoa programu mpya ya bayosi iliyofunga volteji hiyo isivuke 1.3. Sasa niulize kwa upole: mpaka wa 1.3 ulijulikana lini? Kama ulijulikana kabla, kwa nini haukufungwa wala kuandikwa mahali mnunuzi anapoweza kuusoma? Kama ulijulikana baada ya prosesa kuungua, basi majaribio tuliyafanya sisi kwa fedha zetu.

La Intel ni kubwa zaidi. Core i9-13900K ilitoka Oktoba 2022 na mwenzake 14900K Oktoba 2023. Polepole wenye nazo wakaanza kuona michezo inakufa katikati, hasa ile iliyotengenezwa kwa Unreal Engine, na skrini ikitoa ujumbe kwamba memori ya kadi ya picha imejaa. Ujumbe ulikuwa wa uongo. Fikiria ni watu wangapi walilaumu kadi, wakasafisha Windows, wakabadilisha memori, na mgonjwa amekaa palepale katikati ya mazabodi. Majira ya kuchipua ya 2024 Intel walinyoosha kidole kwa watengenezaji wa mazabodi kwamba wanaachia umeme bila kikomo. Julai 2024 wakakiri kwamba maikrokodi yao wenyewe, yaani maagizo yaliyomo ndani ya prosesa, ilikuwa inaomba volteji kubwa kuliko inavyopaswa. Agosti wakatoa maikrokodi 0x129 inayozuia maombi ya kupita 1.55, na kwa prosesa zilizouzwa kwenye maboksi wakaongeza dhamana kutoka miaka mitatu hadi mitano. Septemba wakaeleza kiini cha tatizo: saketi inayogawa mapigo ndani ya viini ilikuwa inazeeka kabla ya wakati, chini ya volteji na joto kubwa. Iliyokwisha kuharibika haitibiki kwa programu.

Walioathirika hawakuwa wenye zile za herufi K peke yao, zinazouzwa kwa ajili ya kuchokonolewa. Walikuwemo na wenye prosesa za kawaida ambazo kiwanda kimezifunga usizipandishe. Kwa maneno mengine, aliyeovakloki ni kiwanda.

Na sababu inajulikana. Ile kasi ya bure ya mwaka 1998 haipo tena mezani. Viwanda vinashindana, na kila kimoja kinakamua mpaka tone la mwisho ili grafu ya siku ya uzinduzi ipendeze. 14900K inatoka kiwandani ikiwa na uwezo wa kufika gigahezi 6.0 kwenye viini vyake bora. Ukitaka kuongeza hapo unaongeza nini? Sisi waandishi nasi tuna sehemu yetu katika hili, maana prosesa hupimwa kwa wiki moja, inapewa nyota zake, na hakuna anayerudi kuipima baada ya miaka mitatu. Grafu ya uzee haina wasomaji.

Sasa nirudi kwenye ule ukimya. Intel huchapisha vitabu vya kiufundi vya prosesa zao, na humo kuna mstari wa volteji ya kufanyia kazi. Kwa kizazi cha 13 mstari huo unaishia 1.72. Soma tena: kitabu kinasema 1.72, dawa ya Agosti 2024 inafunga kwenye 1.55. Vijana wengi wamekuwa wakiusoma mstari huo kama ruhusa, kumbe ni upana tu ambao prosesa inaweza kuuomba, hausemi lolote kuhusu miaka mingapi utaishi hapo. Ni sawa na spidomita ya gari iliyoandikwa 220. Hakuna fundi atakayekwambia kwamba injini imeahidiwa kuishi kwenye 220.

Nimesikia utetezi kwamba kiwanda hakiwezi kutoa namba kwa kuwa kila prosesa ni tofauti na nyingine. Utetezi huu haunishawishi hata kidogo. Ni kweli zinatofautiana, lakini kila prosesa inapimwa kabla ya kutoka, na ndani yake kunachomwa jedwali lake yenyewe la kasi na volteji. Wanajua tofauti hizo moja baada ya nyingine! Halafu mwaka 2012 Intel walianza kuuza mpango wa aina yake: unalipa nyongeza, na ukiiunguza prosesa kwa kuipandisha kasi unapewa nyingine mara moja. Mpango huo uliendelea mpaka mwaka 2021. Niambieni ni kampuni gani duniani inauza bima bila kujua wateja wake wanakufa kwa kasi gani. Hesabu wanazo.

Ninachodai si namba moja. Nadai jedwali: kwa volteji hii, kwa joto hili, kwa mzigo wa viini vyote, tunatarajia miaka kadhaa. Matairi yanaandikwa uzito na spidi yanayoweza kubeba, na mwaka yalipotengenezwa. Betri za simu sasa zinakuonyesha asilimia ya afya iliyobaki. Prosesa ya bei ya mshahara wa miezi kadhaa inakuja na karatasi inayokwambia usiile na usiitumbukize kwenye maji.

Mpaka watakapotoa jedwali hilo, msimamo wangu ni kwamba mtu wa kawaida hana sababu ya kuongeza volteji, na ana sababu nzuri ya kuipunguza. Tangu Ryzen za mfululizo wa 5000 za mwaka 2020 kuna mpangilio kwenye bayosi unaokuruhusu kuinamisha mstari wa volteji hatua kwa hatua, na mara nyingi prosesa hubaki na kasi yake au huongeza kidogo kwa kuwa imepoa. Ni utundu uleule, una raha ileile ya kujaribu na kuganda na kuanza upya, tofauti ni kwamba ukikosea kompyuta inajizima tu na unarudi nyuma hatua moja. Kwa sisi tunaoishi pwani hili lina uzito zaidi. Kipoozeo hakina uchawi. Kazi yake ni kulihamishia joto kwenye hewa ya chumba. Kama prosesa inakaa nyuzi 60 juu ya hewa ya chumba, anayeandika ushauri wake akiwa kwenye nyuzi 20 anaona 80. Wewe wa Dar es Salaam mwezi Februari, chumba kiko nyuzi 32 na feni inazungusha joto, unaona 92 kwa volti zilezile alizokuambia ni salama.

Halafu kuna suala la vilivyotumika, ambalo kwetu ndilo soko. Gari la Japani angalau lina odometa, hata kama imerudishwa nyuma. Prosesa haina. Hakuna mahali popote ndani yake palipoandikwa kwamba ilikaa mwaka mzima kwenye 1.5. Inawaka, inaonyesha jina lake, inafungua Windows, muuzaji anapokea fedha. Kasoro itajitokeza utakapoipa kazi nzito kweli. Na ile miaka miwili ya nyongeza ya Intel iliwekwa kwa prosesa za kwenye boksi; iliyokuja ndani ya kompyuta au bila boksi unaelekezwa kwa aliyekuuzia, na aliyekuuzia yuko Kariakoo akikushangaa.

Kwa hiyo ukitaka kununua Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 mkononi mwa mtu, usitoe fedha kabla hujafanya mambo mawili hapohapo dukani. Ingia kwenye bayosi uangalie kama maikrokodi imefika 0x129 au ya baada yake. Kisha mwambie muuzaji aikandamize faili kubwa na kuifungua tena mara kadhaa mbele yako, kwa viini vyote. Hiyo ni moja ya kazi zilizozifichua prosesa nyingi zilizochoka. Akikataa, ondoka.